Tupeane uzoefu: wenye nyumba za kulaza wageni Uganda, kodi mnalipaje?

BomboYetu: Wakuu salaam. Nina kinyumba nyuma ya nyumba ninayoishi, Ntinda, hapa Kampala. Tangu binti aolewe kilikuwa kitupu, nikakiweka Airbnb, ule mtandao wa kukodisha vyumba kwa wageni. Jana wathamini wa majengo wamepita, wamemuuliza askari wangu nani analala nyuma, naye kwa ukarimu wake akawajibu "wazungu". Ninavyojua, kwa sheria ya 2005 nyumba unayokaa mwenyewe haitozwi kodi ya majengo, ukiipangisha inatozwa, na Kampala ni asilimia 6 ya thamani inayotozwa, yaani makadirio ya pango la mwaka baada ya kupunguza gharama. Sasa hii ya mgeni kulala leo kesho kaondoka, imo au haimo? Waliokwisha kukutana na watu wa kodi uso kwa uso waseme.

Dada wa Entebbe: Imo. Wakirudi sema ni shemeji.

HesabuSafi: Shemeji mwenye bei ya usiku na picha ya kitanda mtandaoni? Haya. Mkuu, kodi ya majengo ni ndogo, kubwa ni kodi ya mapato ya pango. Tangu Julai 2022 mtu binafsi analipa asilimia 12 ya pango lote linalozidi shilingi 2,820,000 kwa mwaka. Nikisema lote ni lote: umeme wa Yaka, intaneti, dobi wa shuka, kamisheni ya mtandao, riba ya benki, hukatiwi hata kimoja. Ukiingiza milioni 24, toa 2,820,000, inabaki 21,180,000. Asilimia 12 yake ni 2,541,600. Kampuni ndiyo hukatiwa gharama, nazo zisizidi nusu ya mapato, halafu inatozwa asilimia 30.

Mbale Baridi: Acha kutisha watu wewe. Pango ni la mpangaji. Mtu amelala siku mbili, umempa taulo, chai na mtu wa kumfagilia, hiyo ni biashara kama gesti yoyote. Biashara ndogo ya mauzo kati ya milioni 10 na 30, ukitunza vitabu, ni asilimia 0.4 ya kinachozidi milioni 10. Milioni 24 zako hizo hizo zinakuja shilingi 56,000. Elfu hamsini na sita! Wewe unamwambia milioni mbili na nusu.

HesabuSafi: Sawa, ni gesti. Basi nionyeshe leseni ya biashara, leseni ya Bodi ya Utalii kwa Sheria ya Utalii ya 2008, na kodi ya hoteli ya serikali ya mtaa, ambayo ni kila chumba, kila usiku. Huwezi kuwa gesti siku ya kupiga hesabu ukageuka baba mwenye nyumba siku ya ukaguzi.

Mbale Baridi: Wewe unafanya kazi kwao.

HesabuSafi: Nafanya kazi kwa wateja waliosikiliza watu kama wewe. Mwandikie kamishna wa kodi akupe jibu kwa maandishi, uje utubandikie hapa.

KandoYaZiwa: Hiyo kodi ya hoteli imenikumbusha. Walikuja wawili wa ofisi moja ya huku kwetu, mmoja kabeba kitabu cha risiti, mwingine macho tu. Hawakuuliza vyumba vingapi. Walihesabu funguo zilizotundikwa nyuma ya mlango: saba. Vyumba nina vitano. Nikawaambia huu wa stoo, huu wa choo cha nje. Wakaandika saba. Tulibishana mpaka nikawapeleka kukitazama hicho choo, nikawauliza, huyu mgeni atalala amesimama? Ndipo wakaandika sita. Stoo waliigomea, ilikuwa na godoro.

Dada wa Entebbe: 😂😂 Stoo kweli inalala mtu.

Mama Zubeda Najjera: Nyie mnabishana asilimia, mimi nyumba yangu ilipangishwa na mgeni.

Alikuja na begi moja, kanzu nyeupe, sauti ya chini, kila neno "Hajat". Anataka wiki nzima, ana mkutano mjini. Akalipa zote kwa simu kabla sijamaliza kumweleza geti linavyofungwa. Nikasema Alhamdulillahi, Mungu huleta watu. Katikati ya wiki jirani ananiuliza, mbona kwako wanaingia watu kwa zamu, dakika kumi wanatoka, wanagonga hadi tanki la maji? Nikajua ni ndugu zake.

Jumamosi akaondoka alfajiri, ufunguo chini ya chungu cha mshubiri kama tulivyoagana. Saa nne hivi napiga deki nasikia honi. Fuso limesimama getini, juu kuna kochi, friji na mtungi wa gesi. Mama mmoja ana mtoto mgongoni ananiambia, wewe ndiye dada wa kazi? Fungua bwana, jua kali. Sijamjibu, ikaja pikapu. Wa tatu kaja na boda, godoro limekunjwa na kufungwa kamba. Wote watatu wana mkataba wa nyumba hiyo hiyo, wamelipa miezi sita mbele, wanaonyeshana risiti kama watoto wanaolinganisha alama za mtihani. Na mkataba una muhuri wa LC1, baraza la kijiji! Mgeni kamwona dalali, dalali kamwona mwenyekiti, kila mmoja kala chake.

Polisi tukaenda wote, mimi na wapangaji wangu nisiowajua, na dereva wa Fuso nyuma anadai pesa ya kusubiri. Ofisa swali lake la kwanza: daftari la wageni liko wapi? La pili: hii nyumba inalipiwa kodi kwa jina la nani? Nikamwambia afande, mimi ndiye mwenye kilio. Akasema hapa wote mnalia, nitajuaje yule mtu si mshirika wako? Nilikaa kwenye benchi lile hadi magharibi. Kilichonitoa ni hati ya ardhi pamoja na ritani, ile fomu ya kutangaza mapato, ya pango la mwaka uliotangulia, zina jina langu, kijana wangu kazileta na boda. Dalali hadi leo simu yake haipatikani.

Dada wa Entebbe: Subhanallah. Na wale watatu?

Mama Zubeda Najjera: Wawili walirudi walikotoka. Yule wa boda nilimhurumia, yuko chumba cha uani, ananilipa mwezi kwa mwezi.

HesabuSafi: Huyo sasa ni pango lisilo na ubishi. Asilimia 12.

Mbale Baridi: Huna hata pole?

DalaliMkweli: Pole Hajat. Ila msitutie madalali wote kapu moja. Mimi simwonyeshi mteja nyumba bila kuona hati.

KandoYaZiwa: Hati ya nani? Kampala hati moja ina wenyewe wanne.

Kisenyi Boy: Story ya kutunga hii. Fuso, pikapu na boda saa moja?

Mama Zubeda Najjera: Mwanangu, wote waliahidiwa ufunguo saa nne. Mwizi ana ratiba kuliko wewe.

Arua Kwetu: Ushauri wangu: piga picha kitambulisho cha mgeni kabla hajavua viatu, daftari lisainiwe. Na usilaze mtu wa mji huo huo.

Dada wa Entebbe: Wangu wa mji huo huo ndio wanaolipa vizuri, tena wanatoka mapema. Msiniharibie soko.

Arua Kwetu: Swali wakuu, Airbnb haitukatii kodi huko huko? Nilisikia asilimia 5.

HesabuSafi: Hiyo ya Julai 2023 ni kodi ya kampuni za nje zinazouza huduma za mtandao hapa, ni ya mapato yao. Yako inakusubiri. Na usitegemee kujificha, tangu Julai 2025 namba ya kitambulisho cha taifa ndiyo TIN yako, namba ya mlipakodi. Ukichelewa kulipa ni asilimia 2 ya riba kila mwezi. Ritani ya mwaka unaoishia Juni mwisho wake ni 31 Desemba.

Dada wa Entebbe: Na VAT? Ninazo apatimenti sita, watu wameanza kunitisha.

HesabuSafi: Nyumba ya kuishi imesamehewa. Msamaha hauhusu hoteli, nyumba za likizo, apatimenti za huduma, wala pango lisilozidi miezi mitatu. Mauzo yakifika milioni 150 kwa mwaka unajisajili, asilimia 18, na risiti za EFRIS, zile za kielektroniki za mamlaka ya kodi, juu.

Dada wa Entebbe: Sita nilisema? Nilimaanisha nne.

Mbale Baridi: Na stoo mbili 😂

Kisenyi Boy: Kuna anayejua fundi wa vitasa vya namba, vya kubadilisha kila mgeni akitoka? Asiwe rafiki wa dalali.

DalaliMkweli: Njoo inbox.