Darasa la pili wanafumba macho mpira ukija, nifanyeje?

mwl_wa_Tandahimba
Habari za jioni walimu wenzangu. Niko shule moja huku Tandahimba, nina la pili, watoto 87, na kipindi cha michezo nimebebeshwa mimi maana ndo mgeni, wenyeji wanalikimbia jua. Mpira tunao mmoja nao unavuja upepo. Shida yangu ni kudaka. Nawapanga mistari miwili wanarushiana, mpira ukifika mtoto anafumba macho, anageuza uso pembeni, mikono kainyoosha kama anapokea mzigo wa kuni, mpira unamgonga kifuani unaenda zake mpaka chini ya mikorosho. Wa nyuma wakichoka kusubiri wanaanza kupigana mabibo, na utomvu wa bibo mnaujua ukishaingia kwenye shati jeupe, wazazi wameshanifuata. Kukimbia na kuruka wako vizuri tu. Nianzie wapi?

Mama_Mikindani
Pole mwalimu. Huyo mtoto anaogopa tu, mpira wa miguu kwa mikono ya miaka saba ni jiwe. Uweke stoo kwanza. Pita kwa fundi cherehani omba vipande vya kitenge, ashone vifuko vya kuenea kiganjani, jaza mchanga nusu tu ili kilegee, kikimfikia mtoto kinalala mkononi hakidundi. Kila mtoto na chake. Aanze kujirushia mwenyewe usawa wa macho adake, akizoea arushe apige kofi moja ndo adake, wawili wawili baadaye, tena wasimame karibu karibu. Mi nawaambia kitazame mpaka kiingie mkononi, viwiko vikunjwe, ukikipata kivute kifuani kama umetupiwa yai. Usijaze mahindi, mi nilijaza panya wakanila vifuko vyote ndani ya wiki.

KilwaMasoko77
Madam kamaliza kwenye kudaka. Ila mwalimu hiyo mistari ivunje, watoto 87 mpira mmoja, mtoto akiugusa mara tatu kipindi kizima ana bahati. Wagawe makundi ya sita sita wacheze rede, ule wa kujaza mchanga kwenye chupa huku wenzako wanakulenga na mpira, soksi kuukuu na matambara unapata mipira hata 15. Anayejaza mchanga kwenye chupa anainama, anakwepa, anageuka ghafla, na wa pembeni wanarusha na kudaka mpaka jasho. Wavulana watakwambia mchezo wa wasichana, waingize hivyo hivyo wakashindwe. Wewe simama uangalie miguu: wengi wakirusha kwa mkono wa kulia wanatanguliza mguu wa kulia, mpira unafia hapo hapo. Atangulize wa kushoto, mwili ugeuke, mkono umalizikie upande wa pili.

Chui_wa_Masasi
Hivi KKK, kusoma kuandika kuhesabu, mmemaliza? Upimaji wa la pili unakuja nyie mnashona vifuko 😂

Mama_Mikindani
Mkuu kipindi kiko kwenye ratiba, sijaiba dakika ya mtu. Afu mwalimu hapo uliposema kuruka wako vizuri, hebu waambie waruke kwa mguu mmoja, wa kushoto, mara tano bila kugusa chini na mwingine. Na wakiruka kwa miguu yote sikiliza wanavyotua, ukisikia kishindo jua magoti hayajakunjwa. Mwambie atue kama paka, ardhi ya huku ikikauka ni saruji.

mwl_wa_Tandahimba
Nimerudi. Fundi katoa vipande bure, tumeshona vifuko 44, kwaio nusu wanadaka nusu wako kwenye rede afu wanapokezana. Mguu wa kushoto nimeaibika, zaidi ya nusu wameanguka 😅. Mabibo yamepungua ila hayajaisha. Kuna kabinti kalikuwa kanafumba macho yote, leo kamefumba moja tu, lile lingine linachungulia kifuko, na kamekidaka.

KilwaMasoko77
Hahaha mwache na jicho lake, kesho mrudishe hatua moja nyuma.