Fomu ya wageni: optional, voluntary au discretionary?

KoroshoGhafi: Wakuu habari za leo. Nipo mapokezi kwenye loji moja hapa Mikindani. Bosi kaniagiza niandae fomu ya Kiingereza ya kuwapa wageni wakifika. Kuna vitu vinne ambavyo mgeni akitaka sawa, asipotaka basi: chakula cha jioni, safari ya mashua, mchango wa shule ya jirani na tipu za wahudumu. Mimi nimeweka "optional" kote. Mwenzangu anasema mchango ni "voluntary". Bosi naye kaja na "discretionary", eti aliiona kwenye bili London. Kesho asubuhi napeleka steshenari Mtwara mjini. Nisaidieni.

PwezaWaShangani: Weka optional zote ulale. Mzungu akishaona bahari hasomi fomu.

MwalimuMstaafu_Masasi: Huyo usimsikilize. "Optional" ni kitu kimewekwa mezani, uchukue au uache, kama yale masomo ya kuchagua sekondari. Chakula na mashua umepatia. "Voluntary" inatazama nia ya mtendaji, kwamba hakushurutishwa. Ndiyo maana maungamo ya mtuhumiwa mahakamani huulizwa kama yalikuwa "voluntary". Ukiyaita "optional" hakimu atacheka. Mchango wa shule mpe mwenzako ushindi. "Discretionary" ina kazi moja zaidi: mtu anapima kwanza, anaamua kama atatoa na atoe kiasi gani. Bosi hakuota. Migahawa mingi ya London huongeza kwenye bili asilimia 12.5 ya huduma na kuiita hivyo, na mteja ana haki ya kuomba iondolewe. Sasa ninyi mnaongeza chochote kwenye bili?

KoroshoGhafi: Hapana mwalimu. Kuna kopo tu pale kaunta.

MwalimuMstaafu_Masasi: Basi iache. Mgeni ataitafuta hiyo asilimia kwenye bili asiione, aanze kuwauliza maswali.

Wakili_Kivuli: Naongeza hapo hapo kwenye "discretion", maana ndipo watu wanapoumia. Swali ni hiari ya nani. Mkiandika kuhusu marejesho ya pesa "at the management's discretion", maana yake mgeni hawezi kudai, ninyi ndio mtaamua. Mikataba ya ajira na bonasi imejaa maneno hayo. Mfanyakazi anasoma anadhani kaahidiwa, kumbe mwajiri hajajifunga kwa lolote.

Nesi_Lindi: Na "elective" je? Huku kwetu inasumbua sana. Mgonjwa akiona operesheni yake imeandikwa hivyo anadhani si lazima, anarudi zake nyumbani. Kumbe ni ile inayoweza kupangiwa tarehe, isiyo ya dharura. Ngiri, mtoto wa jicho, nyingi zinaingia humo, na ukipuuza ngiri inaweza kujinyonga ukaletwa usiku unalia.

PwezaWaShangani: Nesi, loji haipasui watu.

Nesi_Lindi: 😂 Ndiyo nasema asije akaliokota akaliweka.

Dada_wa_Utalii: KoroshoGhafi, kwenye mashua "optional" peke yake itawaletea ugomvi. Mgeni anaweza kuelewa kwamba imo kwenye bei ya chumba, ni yeye tu kuamua kwenda. Andika "optional extra" na bei pembeni. Hiyo "extra" ndiyo inayomwambia atalipa zaidi. Chakula cha jioni vilevile. Kwenye tipu weka "Tips are welcome but not expected", basi.

KoroshoGhafi: Asanteni wakuu. Chakula na mashua "optional extra", mchango "voluntary". Ila dada, hiyo "not expected" nimewasomea wahudumu jikoni wamenijia juu, wanasema wao wanategemea hasa! Tumekubaliana "Tips are entirely up to you". Bosi bado ananuna.

Dada_wa_Utalii: Hiyo nayo ni sawa. Bei ya mashua ni kwa kichwa au kwa safari nzima? Iandike kabla hujachapa.