Mjadala: Ndege 60 za Ufini baada ya vita. Mkataba ulilibana jeshi la anga, au ni mfuko mtupu?

MTOA MADA
Wakuu, salaam. Mkataba wa Amani wa Paris wa 10 Februari 1947 uliiruhusu Ufini iwe na ndege za kijeshi 60, za akiba zikiwa humo humo, na watu 3,000 katika jeshi la anga. Ndege iliyoundwa mahsusi kwa kudondosha mabomu, yenye chumba cha mabomu tumboni, ikapigwa marufuku. Makombora nayo marufuku. Hungaria na Bulgaria ziliruhusiwa ndege 90 kila moja, Romania 150. Vita vya Pili vya Dunia vilipoisha Ufini ilibaki na ndege za kivita za Kijerumani Messerschmitt Bf 109G zipatazo 100, ukiacha Brewster na Myrsky, nazo za kivita, na Blenheim na Ju 88 za kudondosha mabomu. Msimamo wangu: mkataba huu ndio uliolirudisha nyuma jeshi lile kwa miaka 15. Anayepinga aje na hesabu.

KIPANGA
Hesabu hii hapa. Messerschmitt ya mwisho iliruka Machi 1954. Wakati huo jeti za kivita za Ufini zilikuwa Vampire FB.52 za Kiingereza sita tu, zilizonunuliwa 1953. Mwaka 1955 zikaja Vampire T.55 tisa za viti viwili, na kuanzia 1958 Gnat 13, jeti ndogo za kivita za Kiingereza. Jumlisha zote: 28. Nafasi 32 ziko wazi! Mkataba unasingiziwa bure.

Kilichobana ni fidia ya vita: bidhaa za thamani ya dola milioni 300 kwa Umoja wa Kisovyeti, meli na mashine kwa wingi. Shehena za mwisho zilikabidhiwa 1952. Vampire zilikuja 1953. Linganisha hizo tarehe mbili, mkuu.

FUNDI RIBITI
Kipanga, karatasi umeisoma vizuri, ila hangarini ndege hazihesabiwi hivyo. Sumu iko kwenye maneno "akiba zikiwa humo humo". Nchi isiyobanwa huweka ndege za ziada stoo; ikianguka moja inatolewa nyingine. Chini ya mkataba ule, ndege iliyofunguliwa injini ikisubiri kipuri bado inakula nafasi moja kati ya 60.

Na hizo Messerschmitt Bf 109 zipatazo mia moja zisiwababaishe. Injini yake, DB 605, ilitoka Ujerumani, na baada ya 1945 hakuna kiwanda cha kuagizia. Kinachobaki ni kuchinja ndege: moja inatoa pampu, rediata, propela na magurudumu ili nyingine iruke. Bahati nzuri 109 ni rafiki wa fundi. Miguu yake imefungwa kwenye kiwiliwili, si kwenye mabawa, kwa hiyo unang'oa mabawa yote mawili huku ndege imesimama kwa magurudumu yake yenyewe. Ubaya unatoka hapo hapo. Miguu imekaribiana, injini ina nguvu nyingi, na ndege ikiongezwa moto ipae inavuta kushoto. Rubani akichelewa kukanyaga pedali ya kulia, inazunguka, bawa linagusa chini na mguu unakatika. Hiyo si ajali ya kuua, mara nyingi rubani anatoka mzima, lakini ndege inaingia kwenye foleni ya kuchinjwa.

Myrsky ndiyo usiseme. Ilitengenezwa Tampere, huko huko Ufini, 51 kwa jumla pamoja na za majaribio. Mabawa ya mbao yaliyofunikwa plaiwudi na kushikwa kwa gundi. Ikilala nje kwenye mvua ya vuli, unyevu unapenya, gundi inaachia, plaiwudi inabanduka. Kwa macho bawa linaonekana zima. Hazikufika hata 1950.

MTOA MADA
Kwa hiyo Fundi uko upande wangu.

FUNDI RIBITI
Nusu tu. Tazama Gnat: ya kwanza ilifika mwisho wa Julai 1958, na tarehe 26 Agosti zote zikazuiwa kuruka kwa nusu mwaka, baada ya moja kuangamia kwa kosa la kihandisi kwenye mfumo wa haidroliki. Hapo mkataba hauhusiki. Ni gharama ya kununua ndege changa kabla mwenye kuiunda hajamaliza kuijua.

DADA RADA
Kaka zangu, mnapigania namba 60 mnasahau kipengele cha makombora. MiG-21F-13, jeti ya kivita ya Kisovyeti, ina mzinga mmoja wa milimita 30. Ndege inayokwenda mara mbili ya kasi ya sauti, ukiinyima makombora, rubani ana nafasi ya sekunde chache tu kulenga. Ufini ilipata 22 kuanzia 1963, mwaka ule ule mkataba ulipotafsiriwa upya ili makombora ya kujihami yaruhusiwe. Kama kuna kitu mkataba ulichelewesha, ni hicho.

Namba zenyewe zilinyumbulika. Fouga Magister, jeti ya mafunzo: 18 kutoka Ufaransa, 62 zikaundwa Ufini na kampuni ya Valmet. Ni 80, tayari zimepita 60, kwa sababu za mafunzo hazikuhesabiwa. Lakini Fouga inabeba bunduki na roketi. Blenheim nazo, zenye chumba cha mabomu, chache zilirudi angani kuvuta shabaha za mazoezi ya kulenga, na ya mwisho ikaruka 1958.

MTOA MADA
Dada, Fouga haikamati ndege ya adui kwenye mwinuko wa mita 12,000. Roketi zake ni za kupiga ardhini. Usiiingize kwenye hesabu ya ulinzi wa anga.

DADA RADA
Sijaiingiza. Nasema ililea marubani, na marubani ndio waliojaza hizo MiG.

KIPANGA
Nimalizie upande wangu. Septemba 1990 Ufini ilitangaza yenyewe kwamba vikwazo hivyo vya kijeshi havina nguvu tena. Mwaka 1992 ikachagua Hornet, jeti ya kivita ya Kimarekani. Ngapi? 64: za kiti kimoja 57, za viti viwili 7. Mlango umefunguliwa wazi, wameongeza nne. Na F-35, nazo za Kimarekani, zilizochaguliwa Desemba 2021 ni 64 vile vile.

FUNDI RIBITI
Hapo sawa, lakini toa hizo saba za viti viwili, toa zilizo karakana kwa ukaguzi mkubwa, halafu uniambie alfajiri zinapaa ngapi. Swali hilo lilikuwepo 1947, na hujalijibu bado.