Naomba ushauri: mazoezi ya Jumamosi yamenivuruga

Habari zenu wakuu. Niko Tanga, najiandaa na triathloni fupi: kuogelea mita 750, baiskeli kilomita 20, kukimbia kilomita 5. Nafanya kwa mapenzi tu, baada ya kazi na wikiendi.

Jumamosi kuogelea Raskazone kulienda vizuri, baiskeli barabara ya Pongwe pia. Balaa lilianza nilipovaa raba. Mapaja yalikaza, moyo ulidunda kupita kiasi wakati mwendo wenyewe wa kobe, na fulana ilipokauka ikabaki na michirizi myeupe ya chumvi. Niliishia kutembea, na imeniuma kweli.

Miguu kuwa mizito ukitoka kwenye baiskeli ni kawaida, hilo nalijua. Hiyo chumvi na mapigo ya moyo ndiyo vinanisumbua. Ni joto, au uchovu uliolimbikizana? Mnatofautishaje? Sitaki kuvuruga ratiba nzima kwa siku moja mbaya, lakini pia sitaki kuipuuza.

Je, nirudie zoezi lilelile wiki hii au nipumzike kwanza? Na kwa jua hili la pwani, kwenye baiskeli mnakunywa nini: maji matupu, ORS au madafu? Waliopitia hili naombeni uzoefu wenu.