Kama mpatanishi ni mmoja, kuombeana kunakaa wapi?

Zaburi84 aliuliza:

Bwana asifiwe wapendwa. Naandaa somo la saa moja kwa darasa la watu wazima juu ya 1 Timotheo 2:5, "mpatanishi kati ya Mungu na wanadamu ni mmoja". Darasa limechanganyika: wamo waliokulia Katoliki, wamo Walutheri na Wapentekoste. Maswali yatakayokuja nayajua. Kama Mungu anatupenda, mtu wa katikati wa nini? Kwa nini lazima awe mwanadamu, si Mungu angetamka tu msamaha? Na kama mpatanishi ni mmoja, tunakosea tunapomwomba mchungaji atuombee, au Maria? Nahitaji mistari ya kushika, mpangilio, na mnionye mahali ambapo walimu huteleza.

Hema_la_Kukutania alijibu:

Usianze na 1 Timotheo. Anza na Walawi 16, maana asiyemwona kuhani mkuu akiwa kazini hataelewa Waebrania inashangilia nini.

Wasomee taratibu kazi ya siku ile, siku ya kumi ya mwezi wa saba. Haruni anaoga, anavaa kitani tupu. Mavazi yake ya fahari anayaweka kando. Anachinja ng'ombe dume kwa dhambi zake mwenyewe na za nyumba yake kabla hajashughulikia za watu. Mbuzi wawili wanapigiwa kura, mmoja wa BWANA, mwingine wa Azazeli, yaani wa kupelekwa jangwani. Anaingia ndani ya pazia na chetezo cha makaa na uvumba, ili moshi ufunike kiti cha rehema asije akafa. Damu anainyunyiza kwa kidole juu ya kiti cha rehema, kisha mbele yake mara saba. Muda wote huo hakuna mtu mwingine hemani (mstari wa 17). Mwaka ukizunguka, kazi inaanza upya.

Hapo funga Biblia uwaulize: kasoro iko wapi? Watazitaja wenyewe, na Waebrania itawathibitishia: kuhani ana dhambi zake (7:27), kuhani hufa na kuacha nafasi (7:23), damu ya mafahali na mbuzi haiwezi kuondoa dhambi (10:4). Halafu wapeleke 10:11-12, waone jambo ambalo wengi hulipita: kuhani wa zamani husimama kila siku, Kristo aliketi. Katika vyombo vyote vya hema hapakuwa na kiti cha kuhani kukalia. Kile cha rehema kilikuwa kifuniko cha sanduku. Aliyeketi amemaliza.

Kwa nini mwanadamu? Nenda Ayubu 9:32-33. Ayubu analia kwamba Mungu si mtu kama yeye hata waende hukumuni pamoja, na hapana wa katikati awezaye kuwawekea mkono wote wawili. Hiyo ndiyo sifa inayotafutwa. Mpatanishi wa Biblia si mtu wa tatu anayesimama pembeni akipeleka ujumbe huku na huku. Ni wa pande zote mbili kwa nafsi yake. Ndiyo sababu Kanisa la kale halikulegeza kamba. Ario, padre wa Aleksandria, aliposema Mwana ni kiumbe, mkono wa upande wa Mungu ulikuwa umekatwa, na baraza la maaskofu la Nikea likamkataa mwaka 325. Askofu Apolinari alipofundisha kwamba Kristo hakuwa na akili ya kibinadamu, ukakatwa mkono wa upande wetu, na baraza la Konstantinopoli 381 nalo likakataa. Askofu Gregori wa Nazianzo alilijibu fundisho hilo kwa hoja fupi: kisichotwaliwa hakikuponywa, yaani Kristo asichokivaa katika ubinadamu wetu hakukiponya. Baraza la Kalkedonia 451 likafunga: Kristo mmoja katika asili mbili, bila kuchanganyika, bila kubadilika, bila kugawanyika, bila kutenganishwa. Darasani kosa la kawaida ni "nusu Mungu, nusu mtu". Huyo hangekuwa wa upande wowote.

Sasa kosa linaloumiza roho za watu zaidi, tena hutoka midomoni mwa walimu wenye nia njema: Baba mkali ameinua fimbo, Mwana mpole anamshika mkono akimbembeleza. Lifute mapema. Warumi 5:8, Mungu aonyesha pendo lake kwa kuwa Kristo alikufa tulipokuwa tungali wenye dhambi. 2 Wakorintho 5:18-19, vyote vyatokana na Mungu, aliyekuwa ndani ya Kristo akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake. Na Yohana 16:26-27, Yesu mwenyewe: "wala siwaambii ya kwamba mimi nitawaombea kwa Baba; kwa maana Baba mwenyewe awapenda". Mpatanishi hakununua upendo wa Baba. Alitumwa na upendo huo. Lakini usiteleze upande wa pili ukafuta hasira ya Mungu juu ya dhambi. Hiyo Mwana anayo pia: Ufunuo 6:16 inaitaja hasira ya Mwana-Kondoo. Baba na Mwana hawana nia mbili.

Mlei_Msomaji alijibu:

Tumsifu Yesu Kristo. Naongeza upande wa Wakatoliki, kwa sababu katika darasa lililochanganyika fundisho letu husimuliwa vibaya, mara nyingine na sisi wenyewe.

Chukua litania ya watakatifu, sala ya kuitikizana inayowataja mmoja mmoja, sikiliza vitikio. Kwa Bwana na kwa Kristo tunaitikia "utuhurumie". Tukifika kwa Maria, Petro, Paulo na wengine, kitikio kinageuka kuwa "utuombee". Hakuna mtakatifu anayeambiwa utuhurumie katika mfululizo ule. Salamu Maria ni hivyo hivyo: "utuombee sisi wakosefu". Mpaka umo ndani ya sala yenyewe, na anayesali akizingatia maneno hapotei. Na sala ya Ekaristi huishia "kwa njia yake, pamoja naye na ndani yake", yaani Kristo.

Mafundisho rasmi yanasema hivyo pia. Hati ya Lumen Gentium ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, 1964, namba 60 hadi 62, inaanza kwa kunukuu mstari wako huo huo, kisha inasema kazi ya Maria haifuniki wala haipunguzi upatanishi wa pekee wa Kristo. Haiongezi kitu juu yake wala haikiondoi. Novemba 2025 Vatikano ilitoa waraka mwingine ukisema jina la Mkombozi-mwenza halifai kutumika kwa Maria. Kwa hiyo Mkatoliki akikuambia "Yesu akikataa, Maria atakubali", ujue huyo hafundishi imani ya Kanisa lake.

Kwa swali la kuombeana, usiruke 1 Timotheo 2:1. Mistari minne tu kabla ya mstari wa mpatanishi mmoja, Paulo anaagiza dua, sala, maombezi na shukrani kwa ajili ya watu wote. Hawezi kuwa anakataza katika mstari wa 5 alichoagiza katika wa 1.

NenoTu alijibu:

Ndugu Mlei_Msomaji ameeleza kwa uaminifu, na hoja ya mstari wa 1 naikubali mia kwa mia. Tofauti yetu wanadarasa waione ilipo hasa, isikuzwe wala isifichwe.

Walutheri katika Ungamo la Augsburg, hati yao ya imani ya 1530, kifungu cha 21, walikubali watakatifu wakumbukwe na imani yao ifuatwe. Walichokataa ni kuwaita na kuwaomba msaada, wakanukuu 1 Timotheo 2:5. Utetezi wa Ungamo hilo, 1531, ulikubali hata kwamba watakatifu mbinguni huliombea Kanisa kwa ujumla. Ugomvi haukuwa kama wanaomba. Ulikuwa: je, Maandiko yanatupa agizo, ahadi au mfano wa kuzungumza na waliokufa katika sala? Kwa walio hai vyote vitatu vipo: agizo na ahadi katika Yakobo 5:14-16, mfano wa Paulo akiomba aombewe katika Waefeso 6:19. Kwa waliolala, sisi hatuvioni. Mkatoliki atajibu kwamba kifo hakimtoi mtu katika mwili wa Kristo. Wape hoja zote mbili, usimalize mjadala wa karne tano kwa dakika kumi.

Kwa wenye kupenda maswali na majibu, Katekisimu ya Heidelberg ya 1563, swali la 16 na la 17, inaeleza kwa ufupi sana kwa nini mpatanishi awe mtu wa kweli mwenye haki, na Mungu wa kweli.

Zaburi84 aliandika:

Nimeshukuru sana. Limebaki moja. Baadhi yao wamefundishwa kwamba maombi yao hayafiki mpaka yapitie kwa mtumishi fulani, na kuna sadaka ya kutanguliza. Niliguse au niliache?

Hema_la_Kukutania alijibu:

Liguse, bila kumtaja mtu. Huo ndio upatanishi wa pili hasa, hata kama kila sala inafungwa "kwa jina la Yesu". Wape vipimo vya kupimia. Anaomba pamoja nami, au mahali pangu? Nikimkosa, nimemkosa Mungu? Waebrania 4:16 inasema tukikaribie kiti cha neema kwa ujasiri. Anayesema "wewe usikaribie, nipe mimi nipeleke" anarudisha pazia lililopasuka Yesu alipokufa. Kuhusu fedha, Matendo 8:18-20 inatosha: Simoni alileta fedha apate uwezo wa kutoa Roho, na Petro alimkemea vikali. Na kama mtumishi huyo hutumia mafuta ya kupaka wagonjwa, angalia tu usishambulie mafuta yenyewe, Yakobo 5:14 inayataja. Tatizo huanza pale mafuta au mtu anapokuwa mlango.

Mgawanyo wa saa: Walawi 16 dakika kumi na tano, Waebrania kumi na tano, Ayubu na mabaraza kumi, upendo wa Baba tano, kuombeana kumi na tano. Ukiona muda unakubana, punguza mabaraza. Dakika tano za upendo wa Baba usizikate, na Yohana 16:26-27 wasome wenyewe kwa sauti, maana wengi hawataamini kama imeandikwa.