MJADALA: Miti mikongwe ya elmu mitaani Minneapolis, jiji lilipie dawa au likate?

Kivuli Tele: Wana Minneapolis, salamu. Jirani yetu anazunguka na barua ya kuliomba jiji lilipie dawa ya kuzidunga elmu za kando ya barabara, zisiuawe na ugonjwa wa kuvu. Nimesaini bila kusita. Shina la elmu linapanda wima, likivuka vichwa vya watu linagawanyika matawi manne au matano, yanainuka huku yakitanuka, na ncha zake zinainama. Za upande huu zikikutana na za upande wa pili, barabara nzima inaingia chini ya dari la majani. Miti ya mepo ni mizuri, ila umbo hilo haina. Mnasemaje, jiji lilipe?

Dereva wa Usiku: Lisilipe. Wanatoboa matundu chini ya shina, wanasukuma dawa, na baada ya miaka miwili mitatu wanarudia. Pesa haziishi. Na mti mmoja ukiugua, mizizi imeshikana chini kwa chini, wa jirani nao unaondoka. Halafu niseme ukweli, nawashangaa mnaolilia miti ya Wazungu. Kwetu misitu inageuka mkaa na hatujawasikia.

Mtu wa Nyeri: Hapo umevuka mpaka. Mwaka 1999 Wangari Maathai alipigwa pale msitu wa Karura, Nairobi, mpaka akavuja damu kichwani, kisa miti. Miaka kumi kabla ya hapo alipinga ghorofa ndani ya bustani ya Uhuru Park mpaka likashindikana. Hamjatusikia? Wewe ulikuwa wapi?

Dereva wa Usiku: Nilikuwa Tabora, naona malori ya mkaa yakipita mchana kweupe. Maathai alikuwa mmoja. Mimi nawauliza nyinyi mlio humu.

Mama Zuhura: Mnagombania Karura na mimi niko North Minneapolis. Kimbunga cha Mei 2011 kilitung'olea miti kwa maelfu, na Julai lami inachoma mpaka watoto hawatoki nje. Hiyo barua kwetu haijafika. Kivuli kiko kwa wenye nacho. Kama ni kodi ya wote, ianze kupanda huku.

Kivuli Tele: Mama, mimi ni mpangaji na nafanya zamu mbili. Mwenye nacho usiniite.

Mama Zuhura: Sikukutaja. Nimetaja mitaa.

Fundi Msumeno: Kazi yangu ni kukata miti hapa mjini, nisikilizeni kidogo. Mwezi wa sita tawi moja linaanza, majani yanageuka manjano na kujikunja wakati mti mzima bado kijani. Kata kijiti, umenye, utaona michirizi ya kahawia kwenye mbao mbichi. Ni kuvu hiyo, inabebwa na mbawakawa wa magome. Ukibandua gome la mti uliokufa unakuta njia moja ya mama, na vijia vya mabuu vikitoka huku na huku. Ugonjwa uliingia Marekani na magogo kutoka Ulaya, miaka ya 30 hivi, na hapa kwetu miaka ya 70 ukafagia mitaa mizima. Wakapanda miti ya eshi badala yake, nayo inamalizwa na mdudu wa kijani kutoka Asia. Kosa ni kupanda aina moja mtaa mzima! Elmu zilizo nzima zidungwe dawa, mapengo yajazwe mchanganyiko, zikiwemo elmu za aina ya Princeton na Valley Forge zinazohimili ugonjwa. Na msikate matawi kiangazi, kidonda kibichi kinawaita mbawakawa.

Dereva wa Usiku: Fundi nimekuelewa. Lakini huyu wa Nyeri hajaniomba radhi kwa "ulikuwa wapi".

Mtu wa Nyeri: Radhi ya nini, na aliyeanza ni wewe? Pale Oklahoma City kuna elmu iliyonusurika bomu la 1995 lililoua watu 168. Waliofiwa wanakwenda kusimama chini yake, na mbegu zake zinaoteshwa miche. Nao waambie ni mti wa Wazungu.

Dereva wa Usiku: Mti wa waliofiwa ni jambo jingine. Sikuugusa huo.

Mama Zuhura: Barua hiyo iwekeni hapa. Nataka kuongeza aya ya North kabla haijapelekwa.

Kivuli Tele: Naituma jioni. Ongeza yako, ila ya dawa usiifute.

Mama Zuhura: Siifuti. Lakini yangu inakaa juu.