USHAURI: Niko Delhi na mama, Ijumaa nataka tukaone Taj Mahal. Treni au gari?

Mwana Ngamiani: Wakuu habari za usiku. Niko Delhi na mama mzazi, Jumamosi usiku tunarudi nyumbani. Kabla hatujaondoka nataka nimpeleke Agra akaione Taj Mahal, twende na kurudi Ijumaa hiyo hiyo. Aliyewahi kufika anisaidie: treni au gari? Na pale ngazi ni nyingi? Leo usiku wa tatu sijalala, kichwa kimejaa.

Kibatari: Dada, usafiri watakwambia wengine, mimi nikuambie cha kuangalia. Mimi ni fundi wa vigae, nilifika pale 2019. Watu wanapiga picha kwenye maji wanaondoka. Nyie sogeeni ukutani. Yale maua siyo rangi, ni akiki, feruzi na mawe mengine yaliyokatwa vipande vidogo yakapachikwa ndani ya marumaru. Nilipitisha ukucha juu ya ua moja kutoka jani hadi kikonyo, sikusikia kiungo hata kimoja. Aliyetutembeza akamulika tochi kwenye akiki, ikawaka kama kaa la moto. Tangu siku ile nikipachika kigae nakirudia mara mbili.

Ustadh wa Pwani: Kuzuru makaburi kumeruhusiwa, kunatukumbusha akhera. Ila tukumbuke Mtume (s.a.w.) alikataza kujenga juu ya makaburi. Lile ni kaburi ambalo mfalme Shah Jahan alimjengea mkewe Mumtaz Mahal, naye akazikwa humo, wala msiende kuomba kitu pale. Mkifika lango kuu msome Suratul Fajr iliyoandikwa pale, "Ewe nafsi iliyotua". Hiyo ndiyo ziara.

Baba Wawili: Mumtaz alifariki 1631 akijifungua mtoto wa 14. Kumi na nne! Mke wangu kasoma hapa begani kwangu, kasema yeye jumba hataki, anataka kupumzika.

Mama Kulwa: Mwana Ngamiani, salamu kwa mama. Umeuliza ngazi kabla hata ya nauli. Mama ana shida gani? Na Delhi mmefuata nini?

Mwana Ngamiani: Tulikuja kwa matibabu, mama Kulwa. Yuko vizuri, anakula.

Mama Kulwa: Matibabu ya nini?

Mwana Ngamiani: Moyo. Amebadilishwa valvu, leo siku ya 16 tangu afunguliwe kifua. Lakini anatembea mwenyewe, na daktari ametuandikia barua ya kupanda ndege. Kama ndege haimshindi, gari la saa nne litamshinda? Isitoshe dereva nimeshampa kianzio, rupia 2,000. Kaniambia Ijumaa ndiyo siku nzuri, barabara nyeupe.

Mama Kulwa: Barua ya ndege siyo barua ya Agra. Saa nne kwenda, saa nne kurudi, kesho yake safari ya nyumbani, na kifua hakijashika! Akikaa kwenye gari saa zote hizo damu inaweza kuganda miguuni. Mimi nimewahudumia wagonjwa wa namna hiyo wodini. Daktari umemuuliza kuhusu Agra, ndiyo au hapana?

Mwana Ngamiani: Bado.

Mpiga Kasia: Na hela ni ya michango, si ndiyo? Sisi tulichangia jirani akatibiwe, picha za kwanza tukamuona ufukweni. Watu waliuza mbuzi. Hadi leo kule mtaani ukipitisha daftari la mchango wanakuangalia tu.

Jicho la Tatu: Wakuu mnakunywa chai hapa. Taj Mahal IJUMAA IMEFUNGWA. Inafunguliwa kwa swala tu, na asiye mkazi wa Agra haruhusiwi kuingia kuswali. Hata ile treni ya Gatimaan Express, inayofika Agra kwa dakika 100, Ijumaa haiendi. Mtu yuko Delhi na hajui hilo? Hakuna mama, hakuna valvu. Kesho anaweka namba ya kutumiwa hela.

Mpiga Kasia: Hata mimi nilishtuka.

Mwana Ngamiani: Sikujua, wallahi. Nina siku 31 huku, ni chumba cha kupanga na hospitali, hospitali na chumba. Hela ya dereva ni yangu, nimekopa kwenye kikoba changu, michango sijaigusa. Namba sitaweka. Jicho la Tatu, sebuleni kwetu Tanga kuna kalenda ya zamani kuliko mimi. Mama alikata tarehe zote akabakiza picha, jengo jeupe na maji mbele. Amehama nayo nyumba tatu. Asubuhi wanamsukuma kwenda chumba cha upasuaji alinishika kidole, akasema, "Nikitoka unipeleke kwenye lile la kalenda." Nikasema ndiyo. Ndiyo maana silali.

Jicho la Tatu: Kama ni kweli uniwie radhi. Huyo dereva mdai kianzio chako.

Shangazi wa Forodhani: Mwanangu, acha Agra. Hapo hapo Delhi kuna kaburi la Humayun, baba wa babu yake Shah Jahan. Ijumaa liko wazi. Limetangulia Taj kwa miaka kama 60, na kule mke ndiye aliyemjengea mume: mjane wake, Bega Begum. Taasisi ya utamaduni ya Aga Khan, ile iliyotutengenezea bustani ya Forodhani 2009, ndiyo iliyolikarabati, kazi ikaisha 2013. Ila ngazi za kupandia jukwaani zimesimama kama za mnazi. Mama asipande. Akae bustanini kwenye kivuli, kuba anaiona vizuri.

Mwana Ngamiani: Nimerudi. Daktari amekataa Agra bila hata kufikiri. Humayun amekubali, saa moja tu, kwa kiti cha magurudumu, na mama asijiinue kwa mikono. Dereva hapokei simu. Mama nimemweleza, akanyamaza. Kisha nikamwonyesha picha, akaivuta karibu na uso, akauliza, "Mbona hili jekundu?" Kibatari, nimjibuje?

Kibatari: Mwambie ni mawe mekundu ya mchanga, marumaru wameivisha kuba na kuchorea mistari ukutani. Ijumaa mkifika nipigie, umpe simu. Nitakuwa saiti lakini nitapokea.